Maili za Dukani: Utangulizi kwa Anayeanza

Mwanafunzi aliyetoka Mwanza au Mombasa akafika Minneapolis hakai sana kabla hajasikia mwenzake akisema alikwenda nyumbani likizo "kwa pointi". Atadhani anataniwa. Hataniwi, wala mwenzake hakusafiri bure. Ameingia katika taaluma ndogo yenye sarafu zake, kanuni zake na mafundi wake, na kitabu hiki nimekiandika kwa anayebisha hodi mara ya kwanza. Karibu ndani. Viatu acha mlangoni, pochi ingia nayo.

Taaluma yenyewe ni changa. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli na njia, yakaanza kunyang'anyana abiria. Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage: kila abiria ahesabiwe maili alizoruka, zikifika kiasi fulani apewe tiketi. Lakini kwangu mimi mwaka wa kukumbuka ni 1987, Citibank ilipotoa kadi ya mkopo iliyofungamana na mpango huo. Tangu hapo mtu aliweza kupata maili kwa kununua mchele, bila hata kuuona uwanja wa ndege. Aliyewahi kukusanya pointi za Bonga kwa kupiga simu anaelewa nusu ya habari tayari. Nusu iliyobaki ni kujua nani analipa.

Shirika la ndege huziunda maili, benki huzinunua kwa fedha halisi, kisha huwagawia wateja wake. Ni biashara kubwa kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zikiwa zimelala chini kwa sababu ya korona, shirika la ndege la Delta lilikopa dola bilioni 9 kwa kuweka rehani mpango wake wa SkyMiles. Benki nayo inazitoa wapi fedha? Sehemu hutoka kwa mwenye duka, anayekatwa ada kila kadi inapotumika. Marekani, ada hiyo kwa kadi za mkopo huzunguka asilimia 2. Umoja wa Ulaya, tangu 2015, sheria inaibana sehemu inayokwenda kwa benki ya mteja isizidi asilimia 0.3, na ndiyo maana ndugu yako wa Hamburg akisikia hadithi za Minneapolis hutafuta kadi kama hizo asizione. Sehemu nyingine hutoka kwa mwenye kadi asiyemaliza deni lake.

Hapa tukae kidogo. Riba ya kadi hizi siku hizi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni la dola 1,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22, utalipa takriban dola 220. Pointi ulizopata kwa dola hizo 1,000, kwa hesabu ya kawaida ya senti moja kwa pointi, zina thamani ya dola 10. Sijui biashara nyingine ambayo mtu mwenye akili zake angeikubali kwa bei hiyo. Taarifa ya mwezi itakuonyesha "malipo ya chini", kiasi kidogo cha kutia moyo, usikiangalie. Lipa salio lote la taarifa. Sheria ya mwaka 2009 inakupa siku zisizopungua 21 tangu taarifa itumwe. Msomaji Mwislamu ataniuliza: na anayelipa yote kila mwezi, je, si ametia sahihi mkataba wenye sharti la riba? Masheikh wametofautiana, aulize anayejua fiqhi, si mimi.

Mgeni ana kikwazo kingine: hajulikani. Uaminifu wako kwenye SACCOS ya Arusha haukuvuka bahari. Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, zinaanza kukuandika upya, na alama ya FICO, inayopima uaminifu wako katika mikopo kati ya 300 na 850, hutegemea kulipa kwa wakati kwa asilimia 35. Mimi nilianza na kadi ya dhamana, niliyoiwekea dola 300 zangu mwenyewe, nikaionea haya kama baiskeli ya kuazima. Nikaenda nayo Dar es Salaam, nikalipia hoteli, na taarifa ilipokuja nikakuta asilimia 3 imeongezwa kwa sababu nimenunua nje ya nchi. Benki siitaji, kwani jedwali la ada lilikuwa mbele yangu na sikulisoma. Kadi ya safari inayotoza ada hiyo ikatae, hata ikiwa na picha ya twiga.

Sasa kuchagua. Wengi huanza na kadi, kisha hutafuta pa kwenda. Anza na safari. Kama unataka Kilimanjaro, uliza ni ndege gani zinatua huko na maili za nani zinakubalika. Ethiopian imo pamoja na United katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, kwa hiyo maili za United zinaweza kukutoa Washington hadi Addis Ababa na kuendelea. KLM hutua Kilimanjaro na Dar, na mpango wake, Flying Blue, hupokea pointi za Chase, American Express, Citi na Capital One. Ndiyo maana anayeanza namshauri achukue kadi ya benki ambayo pointi zake huhamishika, si kadi ya shirika moja la ndege. Ada ya dola 95 kwa mwaka ni ya kawaida kwa daraja hili; zile za mamia ya dola waachie wanaoishi viwanjani.

Bonasi ya kujiunga ndiyo inayowatoa watu macho: tumia, tuseme, dola 4,000 katika miezi mitatu, upate makumi ya maelfu ya pointi. Kama matumizi yako ni dola 900 kwa mwezi, hiyo si kadi yako. Wala usidhani utajazia pengo kwa kutuma mchango wa arusi nyumbani. Kutuma fedha kwa kadi ya mkopo mara nyingi huhesabiwa kama kuchukua taslimu: ada papo hapo, riba kuanzia siku ileile, pointi hakuna. Na pointi ukizipata, usizihifadhi kama dhahabu. Shirika linaweza kupandisha bei ya tiketi kwa maili wakati wowote, na Desemba, kila mtu anapotaka kwenda kwao, nafasi ni za kugombania. Kodi za tiketi utalipa vilevile.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, chukua taarifa zako za benki za miezi mitatu iliyopita, jumlisha chakula, mafuta ya gari na simu, uandike jumla pembeni mwa ukurasa huu kwa penseli. Tutaihitaji.