Kalemie: Kompyuta ya zamani yenye Linux ina vifaa ambavyo wengi hawavijui

Mjini Kalemie, umeme hukatika bila kupiga hodi. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika kazi yake ya mwisho wa masomo anabaki akitazama kioo cheusi, na kurasa ambazo hakuwa amezihifadhi zimekwenda. Mwenye sekretaria naye anaanza upya barua ya mteja, na mteja anangoja mlangoni.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kuna shida nyingine juu ya hiyo. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kompyuta yenye angalau giga 4 za RAM pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina chipu hiyo. Kununua nyingine si jambo la kila mfuko.

Njia moja isiyoomba mashine mpya ni Linux nyepesi. Kati ya sura zake zinazojulikana kuna Xfce, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Mfaransa Olivier Fourdan. Ndiyo inayotumika ndani ya Xubuntu na ndani ya toleo moja la Linux Mint. Mint yenyewe inasema giga 2 za RAM zinatosha kuanza, na giga 4 ni bora. Hailipiwi. Lakini wengi wakishaiweka wanafungua intaneti na kuandika barua tu, bila kujua vifaa vingine vilivyomo.

Umeme ukikatika

Kwa wenye kompyuta ya kubeba, tafuta kwenye menyu “Gestionnaire d'alimentation”. Humo unachagua betri ikifika asilimia ngapi ndipo mashine ichukue hatua, na hatua gani: kukuuliza, kulala au kuzimika. Ukiweka kiwango cha juu kidogo, kwa mfano asilimia 20, na kuchagua ikuulize, unapata nafasi ya kuhifadhi kazi kabla betri haijakwisha.

Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo kifaa hicho hakitaisaidia. Hapo ingia LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja pamoja na Linux Mint. Kwa kawaida inajiwekea kumbukumbu ya kazi yako kila baada ya dakika 10. Ndani ya “Outils”, kisha “Options”, unaweza kupunguza ziwe dakika 2. Hata hivyo, mazoea ya kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza aya bado ndiyo kinga ya kwanza.

Kuandika Kifaransa kwa klavie ya Kiingereza

Kompyuta nyingi za mtumba zina klavie ya Kiingereza, isiyo na é wala ç. Barua rasmi zetu ni za Kifaransa, na watu wanaishia kuandika “Republique” bila alama. Xfce ina dawa. Fungua mipangilio ya “Clavier”, nenda sehemu ya mpangilio wa herufi, kisha uchague kitufe kimoja kiwe “Compose”, kwa mfano Ctrl ya kulia. Tangu hapo, bonyeza kitufe hicho, halafu alama ya ', halafu e: inatoka é. Kitufe hicho, mkato na c vinatoa ç. Kitufe hicho, o na e vinatoa œ, kama katika neno “sœur”. Huhitaji kuweka programu yoyote.

Picha mia kwa mara moja

Anayepiga picha za sherehe anajua taabu ya mafaili yenye majina kama IMG_0457. Ndani ya Thunar, dirisha la kuangalia mafaili, chagua picha zote kisha bonyeza F2. Kinafunguka kifaa cha kubadili majina yote pamoja: unaandika jina la sherehe, chenyewe kinaweka namba 1, 2, 3 hadi mwisho.

Umesahau ulipoweka faili? Catfish inatafuta kwa jina, na ukiiomba inatafuta hata maneno yaliyo ndani ya faili. Na kama dirisha ni kubwa kuliko kioo hadi kitufe cha kukubali hakionekani, shika kitufe cha Alt, bonyeza popote juu ya dirisha na ulivute kwa mausi.

Faili moja, watu wengi

Kinachozuia wengi ni mega za intaneti, kwa sababu faili la kuweka Linux Mint linakaribia giga 3. Lakini leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa bila kosa lolote. Wanafunzi kumi wanaweza kuchanga, mmoja akapakua, na wote wakanakili kwa flashi. Nakala inayopita mikono mingi inaweza kuharibika njiani. Amri ya sha256sum, ambayo imo tayari ndani ya Linux, inatoa namba ndefu. Linganisha namba hiyo na ile iliyotangazwa na Linux Mint. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usilitumie faili hilo.

Kabla ya kuamua, jaribu kwanza: mfumo huu unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Hapo utaona kama kioo, sauti, Wi-Fi na mashine yako ya kuprinti vinafanya kazi. Ukiridhika na kutaka kuuweka moja kwa moja, nakili kwanza kazi zako zote pembeni, kwani kuuweka kunaweza kufuta diski nzima. Kupoteza ukurasa mmoja kwa sababu ya umeme kunauma. Kupoteza miaka mitatu ya masomo kwa haraka ya dakika tano kunauma zaidi.