Miwani ya Mbizi na Mali ya Majabalini

Mtu akisimama gatini Kalemie na kutazama mali ya Ziwa Tanganyika ikiteremshwa, ataona ndakala wakavu katika magunia, mikebuka na mawese, na asipoambiwa hatajua ya kuwa ziwa hilohilo lina biashara nyingine, ndogo kwa uzito lakini kubwa kwa thamani, isiyofanywa kwa taa za usiku wala kwa nyavu ndefu, bali na mtu mmoja aliyezama kati ya majabali, mrija wa hewa kinywani na miwani ya mbizi usoni. Hiyo ni biashara ya samaki wa mapambo, wale wafugwao katika matangi ya vioo huko Ujerumani, Japani na Marekani. Na maadamu kazi yake yote ni kazi ya macho, ustawi wake umefungamana na jambo ambalo huonekana dogo mno kuandikiwa makala, nalo ni ukungu uzibao kioo cha miwani.

Sababu ya biashara hiyo kuwa hapa na si penginepo ni ziwa lenyewe. Kina chake ni mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, na ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Max Poll, mtaalamu wa Kibelgiji wa elimu ya samaki, aliwachunguza katika safari ya mwaka 1946 na 1947, Kalemie ikali ikiitwa Albertville. Walakini aliyewageuza kuwa bidhaa ni Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwasafirisha wakiwa hai kutoka Burundi, na mwaka 1989 akatoa kitabu kikubwa ambacho wafugaji wa samaki hao hukitegemea mpaka leo. Tangu hapo milango mikuu ya biashara imekuwa Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Upande wa Kongo umetoa samaki na umetoa majina: wafugaji wa Ulaya humwita sikilidi mmoja, frontosa wa buluu, kwa jina la Moba, mji wa bandari ulio kusini ya Kalemie, nao humlipia bei isiyolipiwa ndugu yake wa Burundi, ilhali wengi wao, nadhani, hawangeweza kuionyesha Moba katika ramani.

Ukamataji wenyewe ni kazi ya subira. Mzamiaji hutandaza wavu mwembamba mbele ya jabali, akaukandamiza chini kwa mawe, kisha huzunguka nyuma na kuwaswaga samaki taratibu kwa mkono mpaka waugonge wavu, akawatoa mmoja mmoja. Tropheus, sikilidi alaye mwani juu ya mawe ya kina kifupi, hubadilika rangi kutoka ufuo hadi ufuo, huyu ana mkanda wa manjano, wa ng'ambo ya ghuba ni mwekundu, na mnunuzi hulipa kwa rangi na kwa jina la mahali. Basi mwenye kioo kilichofifia hupandisha samaki mwenye pezi lililochanika au asiye wa aina iliyoagizwa, na kazi yake ikawa bure. Frontosa huishi chini zaidi, naye hapandishwi kwa haraka, kwa kuwa kibofu chake cha hewa hupanuka kadiri shinikizo la maji linavyopungua. Vikapu vyao huinuliwa kwa vituo, pengine kwa siku kadhaa. Mwanadamu naye yumo chini ya kanuni ya shinikizo, na zaidi hapa, ambapo uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 juu ya bahari na majedwali ya kupandia yaliyotungwa kwa ajili ya baharini hayafai bila kurekebishwa. Kila dakika anayoipoteza akisuuza kioo huko chini ni dakika ya hewa aliyokwisha kuilipia.

Wengi hudhani ukungu huletwa na baridi, nao hustaajabu kuuona katika ziwa ambalo maji yake ya juu yana nyuzi 24 hadi 29. Hakika si baridi bali ni tofauti. Uso wa mtu una joto la zaidi ya nyuzi 30, na hewa iliyofungiwa kati ya uso na kioo hushiba unyevu wa ngozi na wa pumzi itokayo puani; kioo, kwa kuwa kinaguswa na maji kwa nje, huwa na baridi kuliko hewa hiyo, na mvuke ukikigusa hugeuka maji, kama ufanyavyo chini ya kifuniko cha chungu. Maji hayo hayangedhuru lau yangetandaa. Hudhuru kwa sababu hujikusanya yakawa matone madogo yasiyo na hesabu, na kila tone hutawanya mwanga. Nayo hujikusanya hivyo zaidi palipo na mafuta au utando. Miwani mipya hutoka kiwandani na utando mwembamba wa silikoni juu ya kioo chake, ndiyo maana ikafanya ukungu kuliko kuukuu, na mnunuzi akadhani ameuziwa mbovu.

Dawa zote za ukungu, iwe ya chupa ilipiwayo dola au mate ya mzamiaji mwenyewe, hufanya kazi moja: huyafanya maji yatandae yawe utando mmoja upitishao mwanga. Mzamiaji mzoefu hutema mate ndani ya kioo kikavu, akasugua kwa kidole mpaka pembeni, akasuuza mara moja tu, akajimwagia maji usoni ili ngozi ipoe, kisha akavaa asiivue tena. Sabuni laini ya watoto iliyochanganywa na maji hufanya vivyo hivyo. Sabuni ya kipande ya kufulia ni kali kwa macho na haifai.

Wenye viwanda wameibadili miwani mara nyingi, nao wameuza ahadi ya kioo kisichofanya ukungu kwa sura nyingi. Cressi ya Genoa, iliyoanza mwaka 1946, ilitoa mwaka 1952 miwani iitwayo Pinocchio, yenye mfuko wa pua unaobanwa ili masikio yazibuke, na umbo hilo ndilo lililobaki hata leo. Baadaye silikoni ikachukua mahali pa mpira mweusi. Ama kwa ukungu, wengine hupaka kioo dawa kiwandani, na mipako hiyo hulika kwa matumizi. Uvumbuzi wa kweli ni wa Decathlon ya Ufaransa, ambayo mwaka 2014 ilileta Easybreath, kifuniko cha uso mzima ambacho hewa ivutwayo hupita mbele ya kioo na itolewayo hupitia kandoni, zisikutane.  Lakini ni chombo cha kuelea na kutazama chini. Hakikutengenezwa kwa mtu wa kuzama, seuze wa kuwafuata samaki majabalini.

Bidhaa hizi hufika Kalemie kwa njia ndefu, aghalabu kutoka Dar es Salaam kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha kwa chombo kuvuka ziwa, na kila kituo kina ushuru wake na faida ya mtu wake. Kwa hiyo si busara kusafirisha umbali huo mpako wa dawa ambao utafutika. Kinachostahili nauli ni kioo kilichotiwa ugumu, chenye chapa ya TEMPERED kandoni, na mpira wa silikoni unaokaa sawasawa usoni. Utando wa kiwandani huondolewa papa hapa kwa dawa ya meno, ikisuguliwa mara kadhaa juu ya kioo kisichopakwa kitu. Mfanyabiashara wa Kalemie atakaye kuwahudumia wazamiaji na aagize miwani ya namna hiyo, ya bei ya kati, aweke tyubu ya dawa ya meno kando yake, na ile yenye maandishi makubwa ya kuahidi kutofanya ukungu awaachie watalii wa Zanzibar.