Vali za moyo wa marehemu hutunzwa vipi?

Ukipita Kiritiri, katika nchi ya Wambeere huko Embu, ingia bucha yoyote ununue moyo wa mbuzi. Ukifika nyumbani, upasue kwa kisu kikali. Ndani utaona vipande vyeupe, vyembamba kama ganda la kitunguu. Hizo, msomaji, ndizo vali. Ni milango ya moyo: hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi nyuma. Wewe pia unazo nne, na leo zitafunguka na kujifunga karibu mara laki moja.

Taabu huanza mlango huo unapoharibika. Katika nchi yetu vijana ndio wanaoumia sana, na chanzo mara nyingi ni jambo ambalo wazazi hulipuuza, mtoto kulalamika koo. Bakteria aitwaye streptokoka asipotibiwa kwa dawa kama penisilini, anaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikirudi mara kwa mara huzikunja na kuzikaza vali. Miaka baadaye, msichana wa sekondari anaanza kutweta akipanda kilima kidogo tu.

Madaktari wanaweza kumwekea vali ya kutengenezwa kiwandani, isiyochakaa upesi. Lakini itambidi ameze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, siku zote za maisha yake, na kupimwa damu kila mara. Akishika mimba, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Akiiacha kiholela, damu yaweza kuganda kwenye vali na kumuua yeye. Hebu fikiria bibi harusi aliye katika njia panda hiyo. Vali ya nguruwe au ng'ombe humwepusha na warfarini ya maisha, ila kwa vijana huchakaa mapema.

Ipo vali ya tatu, ya binadamu aliyefariki. Mnamo 1962 Donald Ross, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliipandikiza jijini London, na mwaka huo huo Brian Barratt-Boyes akafanya hivyo Auckland, New Zealand. Haihitaji warfarini, na husaidia sana pale ambapo vali imeliwa na viini vya maradhi.

Shida ilikuwa kuihifadhi, maana mgonjwa na marehemu hawapangi siku moja. Wengine walizikausha, wengine wakazipiga miale, na vali hizo zikararuka mapema. Mwaka wa 1975, huko Brisbane, Australia, Mark O'Brien na wenzake walianza kuzigandisha.

Hapa mfugaji wa Embu hahitaji somo refu. Anamjua mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, yule anayekuja na mtungi unaofuka moshi baridi. Mbegu za fahali kutoka kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka wa 1946, hutunzwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Vali hutunzwa kwa baridi hiyo hiyo.

Moyo hutolewa saa chache baada ya kifo. Vali hukatwa, hupimwa upana kwa milimita, na kulowekwa katika dawa za kuua bakteria. Damu ya marehemu huchunguzwa kama ina ukimwi au homa ya ini. Kisha vali hutiwa dawa inayozuia maji yaliyo ndani yake yasigeuke chembe za barafu zenye ncha, maana hizo zingeichana. Hupozwa polepole, kama nyuzi moja kila dakika, ndipo iwekwe kwenye mtungi, ambamo yaweza kukaa miaka kadhaa. Siku ya upasuaji huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu. Hata moyo uliochoka, usiofaa kupandikizwa mzima, waweza kutoa vali nzuri.

Si dawa ya milele. Kwa watoto hasa, vali hiyo hukauka na kuwa ngumu, na huenda wakapasuliwa tena.

Je, wewe unaweza kutoa? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inaruhusu mtu kutoa viungo vyake kwa wosia, kwa hati iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili, au kwa kutamka tu mbele ya mashahidi wawili. Usiposema lolote, uamuzi unawaangukia mumeo au mkeo, mwanao mkubwa, wazazi au ndugu, nao wataombwa jibu siku ile ile ya msiba.