Kutoka Kaloleni Hadi kwa Tume ya Filamu

Kaloleni, mtaa wa Nairobi uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi wa jamii na majirani tele wa kuujaza. Kijana mwenye filamu hukosa projekta, si watazamaji.

Mlango mmoja wa kubisha hodi kuomba ufadhili ni Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoanzishwa 2005. Bajeti ya ombi iseme waziwazi: spika, stima, usafiri na malipo ya wasanii (soda na mandazi si mshahara).

Pesa zikipatikana, bado kuna kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, hutaka filamu iidhinishwe na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kibali hiki si jambo dogo: mwaka 2018 bodi iliipiga marufuku filamu *Rafiki* ya Wanuri Kahiu. Mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu. Kwa hiyo ada ya cheti cha bodi iingie kwenye ombi mapema.