Wakongwe Wanapoondoka, Nani Atashika Mpira?

Hapa Kashikishi, katika ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, uvuvi hupigwa marufuku kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Mvuvi mwenye busara hakai bure miezi hiyo. Hushona nyavu zake, na kijana aliye kando yake hujifunza kufunga fundo kwa kumtazama. Siku ziwa linapofunguliwa, chombo kimekwisha kupata mkono mpya wa kuvuta wavu.

Timu za michezo za vikosi vyetu hazina budi kufuata mwendo huo, kwa maana kila mwaka huwapoteza wachezaji kwa uhamisho, kozi na kustaafu. Timu za vyuo nazo zina shida hiyohiyo, kwani mwanafunzi akihitimu huondoka. Mfano mzuri ni timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, ambayo mwenzetu wa Afrika Mashariki aliichezea.

Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, alijiunga na chuo hicho mwaka 2006. Chini ya kocha Jim Calhoun alijipatia sifa ya kuzuia mipira ya wapinzani. Msimu wa 2008/09 timu ilishinda michezo 31 na kufika nusu fainali ya taifa, ambako Michigan State waliishinda kwa pointi 82 kwa 73.

Ndipo pigo likaja. A.J. Price, Jeff Adrien na Craig Austrie walimaliza muda wao. Thabeet, aliyebakiza mwaka mmoja, akateuliwa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa na timu za NBA mwaka 2009. Msimu uliofuata timu ilishinda mara 18, ikashindwa mara 16, wala haikualikwa katika mashindano makuu ya taifa.

Lakini mbegu ilikuwa imekwisha pandwa. Machi 2009, wakongwe hao wakiwa bado kikosini, Kemba Walker wa mwaka wa kwanza alifunga pointi 23 dhidi ya Missouri. Mwaka 2011 Walker, akizungukwa na chipukizi, aliiongoza timu kushinda michezo mitano katika siku tano mjini New York. Wiki chache baadaye walitwaa ubingwa wa taifa kwa kuwashinda Butler 53 kwa 41.

Walker naye aliondoka mwaka huohuo. Nyuma yake alibaki Shabazz Napier, aliyekuwa mwaka wa kwanza katika kikosi cha ubingwa. Mwaka 2013 timu ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu ya maendeleo hafifu ya masomo. Baadhi ya wachezaji walihamia vyuo vingine; Napier hakuhama. Mwaka 2014 aliiongoza timu kuwashinda Kentucky 60 kwa 54 katika fainali. Hata kocha wa siku hiyo, Kevin Ollie, aliwahi kuwa mchezaji wa Calhoun.

Ndugu wapiganaji, mafunzo ni matatu. Kwanza, mrithi huandaliwa mkongwe angali yupo. Samaki mkunje angali mbichi. Kuruta asiyepewa nafasi ya kucheza hadi sajini astaafu, atajifunza kwa kufungwa. Pili, mwaka wa kushindwa usiwe sababu ya kuvunja timu wala kumtimua mwalimu wake. Tatu, kipaji kisicho na nidhamu ya darasani huigharimu timu nzima.

Basi kila nahodha ajiulize leo, kabla barua ya uhamisho haijafika: ni kijana gani anayefanya mazoezi kando yangu, na nimemfundisha nini?