Espresso ya London yapima kahawa ya Afrika Mashariki

Mfanyabiashara anayetaka kujua thamani halisi ya kahawa ya Nyeri au Kilimanjaro atapata somo katika maduka huru ya kahawa jijini London. Humo kahawa huonjwa kwa kikombe kidogo cha espresso, bila maziwa wala sukari ya kufunika kasoro.

Biashara hiyo si ngeni. Bar Italia ilifunguliwa Soho mwaka 1949, Monmouth ikaanza mwaka 1978. Mwaka 2007 James Hoffmann aliiletea Uingereza ubingwa wa dunia wa kuandaa kahawa, na mwaka 2009 Gwilym Davies akaurudisha.

Kikombe kimoja huhitaji gramu 18 hivi za kahawa iliyosagwa laini. Maji ya moto husukumwa humo kwa shinikizo la takriban mara 9 ya lile la hewa, kwa sekunde 25 hadi 30. Yakipita upesi, kahawa huchacha. Yakichelewa, huwa chungu. Ndiyo maana mwonjaji makini huonja kahawa ileile katika duka zaidi ya moja kabla ya kuilaumu. Aina ya SL28 kutoka Kenya hujitambulisha kwa uchachu safi wa matunda. Gredi ya AA haimhakikishii ladha hiyo, kwani hupima ukubwa wa punje tu.

Hesabu ya bei ndiyo yenye funzo kubwa. Kilo moja ya kahawa mbichi, baada ya kupungua uzito kikaangoni, hutoa vikombe 45 hivi. Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, yaani karibu dola 9 kwa kilo. Hata kwa bei hiyo, kahawa ya kikombe kimoja iligharimu senti 20 hivi za dola. Sehemu kubwa ya bei anayolipa mnywaji hubebwa na pango, mishahara, ukaangaji na kodi.

Kwa hiyo duka likimwongezea mkulima dola 2 kwa kila kilo, gharama ya kikombe haipandi hata senti 5. Nafasi ya majadiliano ipo. Chama cha ushirika kinachochuma matunda yaliyoiva tu, kikayakoboa siku hiyohiyo na kutenga kila fungu, kina hoja ya kudai nyongeza hiyo. Kinachochanganya nzuri na mbovu kitaumbuliwa kikombeni, kwa sababu espresso hukoleza kila kasoro.