Je, Unaelewa Unachosoma?



Ijumaa moja mchana nilialikwa kwenye klabu ya wasomaji ya shule moja ya sekondari ya kutwa, pembezoni mwa Temeke. Maktaba yao ni chumba cha darasa chenye rafu mbili, na sehemu kubwa ya kilichomo ni mitihani ya miaka iliyopita. Mwalimu aliniomba nizungumze juu ya faida za kusoma. Nilikuwa nimeandaa hoja saba. Sikutoa hata moja.

Nilikuta wanafunzi 18 wamekaa duara, na kitabu ni kimoja. Anayekishika husoma kurasa mbili kwa sauti, kisha humpa wa pembeni yake. Kilikuwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Hadithi ya pwani yetu ilikawia zaidi ya robo karne kuwafikia watoto hawa kwa Kiswahili.

Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayeondoka kwao na mfanyabiashara Aziz, mtu anayemjua kama ndugu wa familia. Akishafika ugenini ndipo kijana mwenzake anamweleza kwamba Aziz si ndugu yake. Baba yake anadaiwa, naye mtoto amewekwa rehani.

Mvulana mmoja akasema huyu ni Yosefu wa kitabu cha Mwanzo, aliyeuzwa na kaka zake. Msichana mwenye hijabu akadakia, "Hata sisi tunaye, Nabii Yusuf." Wakaanza kubishana: kuuzwa na kaka na kutolewa na baba mzazi, lipi linauma zaidi? Mimi nilikuwa tayari na jibu la kitaalamu. Kabla sijafungua mdomo, binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Lakini kwa nini baba yake hakumwambia ukweli?"

Kimya. Kisha akaongeza taratibu, "Mimi niliambiwa naletwa Dar kusoma."

Ninaandika haya kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Anaishi kwa ndugu. Huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, huogesha watoto, ndipo huenda shule. Jioni kazi huanza upya. Ile saa ya Ijumaa maktabani ndiyo saa pekee anayosoma bila kuitwa.

Ndugu yangu, nilirudi parokiani nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia, anasafiri akisoma kitabu cha nabii Isaya. Anasoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo anamsikia. Anachosoma ni habari za mwanakondoo anayepelekwa kuchinjwa bila kulalamika. Naye anamuuliza Filipo swali ambalo kila msomaji wa kweli hufikia: je, nabii anasema habari zake mwenyewe, au za mtu mwingine? Binti yule alikuwa amefika hapo hapo. Alianza kusoma habari za mtu mwingine, akajikuta ndani yake.

Tazama pia namna Filipo alivyouliza kama yule mtu anaelewa anachosoma. Mimi nimefundisha seminari kwa miaka mingi, na swali hilo nimeliuliza mara elfu, nikiwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Darasa zima huitikia "ndiyo", tunaendelea. Leo najiuliza ni wangapi waliitikia "ndiyo" huku wamebeba mzigo kama wa binti huyu. Filipo alikimbia kando ya gari, kisha akapanda akaketi pamoja na msomaji. Aliyeketi karibu huambiwa ukweli. Aliyesimama mbali huitikiwa tu.

Mwalimu wao alikwenda kuzungumza na walezi. Hakukuta watu wabaya. Alikuta watu wenye maisha magumu, waliodhani kumpa mtoto chakula, malazi na sare kumemaliza wajibu wao. Vitumbua bado vinakaangwa. Ila sasa kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku hatumwi na mtu. Si ushindi mkubwa, lakini kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu ni kurasa nyingi.

Msomaji wangu, iwe unaishi Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju, huenda nyumbani kwako yupo mtoto wa ndugu aliyeletwa "kusoma". Leo ukitoka ibadani, usimuulize amekuwa wa ngapi darasani. Mwambie alete kitabu anachokisoma, ukae naye, akusomee kurasa mbili. Kama hana kitabu, hapo umeshajifunza jambo la kwanza. Kama anasinzia kabla ya ukurasa wa pili, umejifunza la pili. Na akinyamaza katikati ya sentensi, usiharakishe kumsahihisha. Subiri. Pengine anatafuta namna ya kukuambia kwamba habari ile ni yake.

Nawatakia Dominika njema.